Siku Kumi na Nne Kinywani mwa Tabibu

Sitasema Tabibu alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani. Hayo waulizwe ndugu zake, na wanayo mengi. Mimi nilikuwa muuguzi wake katika chumba cha meno cha hospitali moja mjini Dodoma kwa miaka kumi na mmoja, na ninachokijua ni kinywa chake. Sidhani kama kuna mtu mwingine, hata marehemu mkewe, aliyekitazama kinywa kile mara nyingi kama nilivyokitazama mimi. Kuna kitu nilikiona mle ndani na sikukisema. Sasa Tabibu hayupo, na mimi ninazeeka nacho.

Kila mtu alimwita Tabibu, na yeye aliniita Sista. Ukimwita daktari alikukatiza hapohapo: "Daktari yuko Dar es Salaam. Mimi ni tabibu wa meno. Fungua mdomo." Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja, na koti jeupe lililofuliwa mpaka fulana ya ndani ikawa inaonekana. Koti hilo alilifua mwenyewe. Alisema sabuni ya dobi ina mkono mzito.

Kabla ya kukiingiza kioo kidogo cha kutazamia meno katika mdomo wa mgonjwa alikishika kwanza kiganjani mpaka kipate joto. Hakuwahi kusahau. Hata siku za Bunge, foleni ikifika nje kwenye ukuta wa maabara na makarani wa waheshimiwa wakitazama saa zao kwa nguvu ili azione, Tabibu alisimama pale na kioo chake kiganjani kama mtu anayeomba dua. Wazee waliotoka vijijini aliwaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akasubiri waitike. Kigogo chake kilikuwa cha kuungaunga na akina mama walikicheka waziwazi. Alisema anayecheka ameshafungua mdomo, nusu ya kazi imekwisha.

Wanafunzi wa vyuo hakuwapenda sana, ingawa aliwatibu vizuri. Alikuja mmoja siku moja ameshika shavu, akasema, "Tabibu, na-suffer sana na hii molar, yaani since jana."

"Pole. Hiyo molar inaelewa Kiswahili?"

Kijana akacheka huku analia, na Tabibu akamchoma sindano ya ganzi katikati ya kicheko hichohicho. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yake, na mimi niliyeiona mara mia bado ilinichekesha.

Alikuwa na jino moja ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Lilikuwa gego la ng'ombe alilolipasua mwenyewe katikati kwa msumeno wa chuma, likaonyesha chumba kilichomo ndani na mifereji inayoshuka hadi mizizini. Kila aliyekuja kuziba jino alionyeshwa chupa ile, atake asitake. "Mnadhani jino ni jiwe," aliwaambia. "Jiwe halilii. Jino lina mtu ndani. Humu kuna nyama, kuna damu, kuna mshipa unaosikia. Nikiliziba, namfungia mtu mlango. Nikimfungia pamoja na sumu, atakufa humo na nyinyi mtasema Tabibu kaziba vizuri, maana kwa nje panang'aa."

Wengi waliitika tu ili waachwe waende. Mimi nilimsikia akisema maneno hayo mpaka nikawa nayasema usingizini, na nasikitika kwamba niliyajua kwa moyo namna ile bila kuyashika.

Nilipoanza kazi, dawa za kuziba meno zilitoka bohari kuu. Zilichelewa, na nyingine zilikuja zimeganda, lakini zilikuwa zilezile miaka yote na Tabibu alizijua kama mke anavyojua chumvi ya jikoni kwake. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Bohari ikakauka kabisa, na madukani vitu vikajaa. Wagonjwa wakaanza kuambiwa wachangie gharama, nasi tukaambiwa tujitafutie. Walikuja vijana wenye tai na mabegi, wakamwaga mezani kwetu makopo, chupa na vibomba. Makopo mengine yaliandikwa maandishi ambayo hakuna katika hospitali nzima aliyeweza kuyasoma. Mengine hayakuandikwa kitu. Ukiuliza hiki ni nini, kijana alijibu, "Mzee, hii ndiyo wanayotumia Ulaya."

"Nani kakwambia?"

"Mzee, soko huria hili."

"Soko ni huria," alisema Tabibu. "Mdomo wa mtu si huria."

Hapo ndipo alipoanza kupima. Hakuna aliyemtuma. Aliwahi kusoma mahali fulani wakati wa mafunzo yake kwamba dawa yoyote inayoingia jinoni hupimwa kwanza katika nyama hai, ili ionekane nyama imekasirika au imeikubali. Neno lake lilikuwa hilo, kukasirika. Akanunua sungura Chang'ombe ya hapohapo Dodoma, akamtia ganzi, akampasua mgongoni kidogo, akamwekea punje ya dawa chini ya ngozi na kumshona kwa mshono mzuri kuliko wa wodi ya upasuaji. Sungura yule alikula mchicha wa kuchaguliwa. Watoto wa Tabibu walilalamika kwamba mchicha wao ulikuwa mabaki ya sungura.

Siku ya tisa sungura akaibiwa, na ilikuwa mkesha wa Krismasi. Kesho yake Tabibu akapita nyumba kwa nyumba mtaani, koti jeupe mwilini, akibisha hodi kwa adabu. Hakuuliza nani kaiba. Aliuliza, "Samahani, jamani. Kuna mtu hapa ametafuna kitu kigumu kwenye nyama ya jana? Nyama ya pembeni yake ilikuwa ya rangi gani?" Mtaa mzima ulicheka hadi mwaka mpya. Hakuna aliyejibu, bila shaka, na Tabibu akarudi kazini akiwa amenuna. Aliniambia mnyama ameshamshinda. Kwanza analiwa, pili hasemi. Hata angeishi, nani angejua kama anaumia?

"Mimi nasema," akaongeza. "Na hakuna atakayenila."

Basi akahamishia upimaji kinywani mwake. Alikoroga dawa mpya kwenye kipande cha kioo bapa, akafinyanga punje ya ukubwa wa mtama, akaifunga kwa uzi wa kushonea kwenye gego lake la chini kushoto ili asiimeze, na kuilaza punje pale fizi inapokutana na shavu. Ilikaa hapo siku kumi na nne. Alikula nayo, akasali nayo, akafokea vijana wenye tai nayo. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, alikaa yeye kwenye kiti cha wagonjwa, akafungua mdomo, na mimi nikachukua kioo na chuma cha kuchokonolea. Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu, na kila siku ilikuwa na maswali manne. Rangi. Uvimbe. Damu. Maumivu. La mwisho alilijibu yeye. Matatu ya kwanza niliyajibu na kuyaandika mimi, maana mtu hawezi kujiona nyuma ya gego lake mwenyewe. Halafu alitia sahihi yake, ambayo ilikuwa kama kuku amepita.

Kanuni ilikuwa moja. Shaka ni siku kumi na nne nyingine. Ukiona chochote usichokielewa, punje inatolewa, fizi inapumzishwa, na kazi inaanza upya. Haikujalisha nani anasubiri. Mke wa kigogo mmoja wa chama alisubiri kuzibwa kwa wiki sita, akaapa kumhamishia Tabibu Kigoma. Tabibu alimwambia Kigoma pia wana meno. Na kuna mzee mmoja, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Kondoa, aliyekuja kila Jumatatu kuuliza kama mdomo wa Tabibu umeruhusu. "Alhamdulillahi, leo wasemaje?" Akiambiwa bado, alikaa kwenye benchi akanywa kahawa aliyokuja nayo kwenye chupa, akaondoka bila kinyongo. Alisema hajawahi kuona mtu akimwonjea mwenzake sumu bila kuwa mpishi wa mfalme. Tabibu alikataa dawa tano kwa njia hiyo katika miaka minne. Moja ilimbabua shavu hata akanywa uji kwa mrija wiki nzima, naye alikuwa na furaha siku zile kuliko nilivyowahi kumwona.

Sasa niseme la ugoro.

Ukutani kwetu palikuwa na bango alilolichora kwa mkono wake, mdomo wenye kidonda, na chini yake maneno: UGORO UNAUA MDOMO. Kila mzee aliyeingia na ugoro mdomoni alipelekwa nje kusukutua na kurudi kusomewa bango. Na Tabibu mwenyewe alikuwa na kikopo cha ugoro katika mfuko wa suruali, cha bati, kilichochakaa rangi. Aliutia hapohapo chini kushoto, kati ya fizi na shavu. Aliujua ubaya wake kuliko mtu yeyote mkoani, na hakuweza kuuacha. Nilipomwuliza, alitazama pembeni. "Sista, bango ni la wagonjwa." Baadaye siku ileile akaja kuniambia kwamba wakati wa kupima huwa anauacha, siku zote kumi na nne. Nikaitikia. Lakini ni mimi niliyeosha beseni la kutemea kila jioni, na maji ya ugoro yana rangi yake.

Mganga hajigangi, watu husema, na hulisema neno hilo kwa kucheka. Hapo kwetu halikuwa la kuchekesha. Mahali alipopimia dawa zote palikuwa mahali palepale palipolala ugoro kwa miaka ishirini. Fizi pale ilikuwa nene, imepauka, ngumu kama kisigino. Wote wawili tulikuwa na akili, wote wawili tulikuwa na bango ukutani, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema: hebu tuhamie upande wa kulia. Upande wa kulia alitafunia chakula. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu, na nikiikumbuka natamani kupiga kichwa ukutani.

Mwanangu ni mmoja tu, Upendo. Nilimzaa kijijini kwetu upande wa Singida, na kisima cha kule kina maji matamu yanayotia meno rangi ya kahawia. Watoto wote wa pale wana meno hayo, na pale hakuna anayejali. Nilipohamia naye Dodoma alikuwa na miaka kumi na mmoja, na darasa zima likajali. Akajifunza kucheka mkono ukiwa mdomoni. Alipomaliza kidato cha nne alikuwa hacheki tena mbele za watu. Nje alivuta kitambaa, au pembe ya khanga, au daftari. Nyumbani kwetu peke yake, nikiwa mimi tu, alikuwa akicheka mdomo wazi hadi majirani wanauliza kuna nini. Nilikuwa najivunia jambo hilo. Nilijiambia angalau kwangu hajifichi.

Mwaka ule ilifunguliwa hoteli mpya ya mtu binafsi, ya kupokea wageni wa Bunge, wakawa wanatafuta wasichana wa mapokezi. Upendo alikuwa na cheti kizuri na mwandiko mzuri. Msimamizi wa hoteli akampangia siku ya usaili, akamwambia kabla ya yote, "Binti, hapa kazi ni tabasamu." Upendo akarudi nyumbani, akakaa kitandani. Usaili ulikuwa Jumatatu ya wiki ya tatu baada ya hapo.

Na kwenye kinywa cha Tabibu, wiki hiyohiyo, kulikuwa na punje ya dawa nyeupe. Kijana mwenye tai alikuwa ameileta, unga na maji yake, nyeupe safi ya rangi ya jino, si ile ya kijivu tuliyoizoea. Ingeweza kufunika kahawia yote. Tabibu mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Ikipita hii, Sista, tutamtengeneza yule binti yako kabla ya wengine wote."

Siku ya kwanza hadi ya nane hapakuwa na kitu. Siku ya tisa niliona weupe. Haukuwa ule mpauko wa kila siku. Ulikuwa weupe wa ngozi iliyochemka, na chuma kilipogusa, utando mwembamba ukainuka kidogo pembeni. Nilitazama kwa muda mrefu. Nikajiambia ni ugoro. Ningeweza kumwuliza, "Tabibu, uliutia jana?" na yeye asingedanganya akiulizwa hivyo usoni. Sikuuliza. Nilibonyeza, naye hakushtuka.

"Rangi?" akaniuliza, mdomo wazi.

"Kawaida."

Nikaandika kawaida. Siku ya kumi nikaandika tena, na ya kumi na moja, na zote zilizofuata, na kila siku ilikuwa rahisi kuliko ya jana yake. Siku ya kumi na nne alinishika mkono kabla sijafunga daftari.

"Una hakika, Sista? Huyu ni mtoto wetu."

"Nina hakika, Tabibu."

"Maumivu hakuna," akasema. "Andika hakuna." Akatia sahihi.

Alimtengeneza Ijumaa. Meno sita ya mbele ya juu. Alikwangua kahawia taratibu, akakoroga, akapaka, akasubiri, akasugua. Kazi ilichukua tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri. Alipompa kioo, Upendo alijitazama, kisha akacheka kwa sauti mbele ya Tabibu, mbele yangu, mbele ya fundi wa maabara aliyekuwa amechungulia mlangoni. Tabibu akageukia dirishani akafuta miwani yake, akafuta tena. Jumatatu Upendo alipata kazi.

Alifanya kazi siku kumi na tisa.

Ya ishirini aliamka na mdomo wa juu umevimba hadi puani. Fizi zilikuwa na weupe uleule. Niliutambua mara moja, nikakaa sakafuni. Tabibu aliitoa dawa yote siku hiyohiyo, akayafungua meno, na usaha ukatoka kwenye manne. Wale watu wa ndani ya meno walikuwa wamekwisha kufa. Alijaribu mwezi mzima kuyaokoa. Alikuja hadi nyumbani kumwosha Upendo mdomo kwa maji ya chumvi. Mwishowe akayang'oa, manne ya katikati, huku machozi yakimdondoka ndani ya barakoa. Upendo hakulia. Alikuwa amekodoa macho kwenye bango la ugoro.

Wengine wawili aliokuwa amewaziba kwa dawa ile aliwatafuta akaitoa mapema, nao wakapona. Lakini hoteli ililalamika hospitalini, na ikaundwa kamati ya watu watatu. Walikaa chumba cha mganga mkuu, daftari la bluu liko mezani limefunguliwa. Mwenyekiti akauliza nani aliandika matokeo haya. Mwandiko wangu ni wa mviringo, wa shule ya masista, na wa Tabibu ulikuwa ule wa kuku. Kipofu angeona tofauti.

"Mimi," akasema Tabibu.

"Wewe mwenyewe?"

"Kinywa ni changu. Nani mwingine angeandika?"

Mwenyekiti akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu, vyeupe, nilikuwa nimevipaka chaki asubuhi. Wakati ule serikali ilikuwa inapunguza watu kazini na kila idara ilitakiwa kutoa majina. Idara yetu ilitoa la Tabibu. Aliondoka na kioo chake, chupa yenye jino, na daftari, akaenda kukaa kwake mtaa wa Kikuyu, hapohapo Dodoma. Mimi nilibaki miaka minne zaidi, nikipokea dawa kutoka kwa vijana wenye tai na kuzipanga kabatini, na hakuna aliyezipima tena.

Upendo hakutaka meno ya bandia. Alisema hataki kitu chochote cha mtu kiingie tena mdomoni mwake. Alianza kununua mahindi Kibaigwa na kuuza unga dirishani kwetu Chang'ombe, akipima vikombe huku khanga imefunika uso hadi chini ya macho, na wateja wapya walidhani ni mtu wa dini sana. Akifunga dirisha anaitupa khanga kitandani. Pengo lake nililiona mimi peke yangu. Mara moja moja alimtaja Tabibu. "Yule mzee aliniua nikiwa hai," alisema. Mimi nilikuwa nachambua mchele au nakuna nazi, na sikumkatalia. Nilimwacha amchukie, maana chuki yake ilipokwenda Kikuyu haikubaki nyumbani.

Tabibu alikuja mwenyewe, Jumamosi moja saa nne asubuhi. Nilisikia hodi nikaijua. Alikuwa amekonda hata koti, lilelile jeupe, lilimning'inia. Shavu la kushoto lilikuwa limejaa kidogo. Mkononi alikuwa na kitambaa kilichofungwa, na kwapani daftari la bluu.

Upendo alitoka chumbani, akamwona, akajifunika. Hakumwamkia. Katika nyumba yangu mtoto hajawahi kupita mbele ya mtu mzima bila shikamoo, na siku ile nilisikia ukimya wake masikioni. Tabibu aliusikia pia. Akakaa kwenye kigoda, akafungua kitambaa. Kulikuwa na kioo na chuma cha kuchokonolea.

"Sista, nimekuja unipime."

"Tabibu, si uende hospitali."

"Hospitali watanitazama. Wewe utaandika."

Macho yangu yalikuwa yameanza kufifia, nikahitaji mwanga. Nikamwambia Upendo alete tochi aishike. Nilidhani atakataa. Aliileta, akasimama nyuma ya bega langu. Tabibu alikuwa amekishika kioo kiganjani, akikipasha joto kwa ajili ya kinywa chake mwenyewe, kwa mazoea tu. Akanikabidhi, akafungua mdomo.

Sikuhitaji kutafuta. Chini kushoto, palepale, kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi, kingo zake zimeinuka, ngumu, weupe umezunguka na katikati pabichi. Harufu ilinifikia. Lilikuwa lile bango letu la ukutani. Mwanga wa tochi haukutetemeka hata kidogo.

"Bonyeza," akasema.

Nikabonyeza. Damu ikatoka.

"Bado hujabonyeza?"

"Nimebonyeza, Tabibu."

"Hebu tena."

Nikabonyeza tena, kwa nguvu, na damu ikashuka kwenye mdomo wa chini. Yeye alikuwa anatazama mabati ya dari, akisubiri. Nikatoa chuma. Akaelewa, akafumba macho.

"Andika," akasema.

Niliandika kwenye ukurasa mpya wa daftari lilelile. Rangi: nyeupe, katikati nyekundu. Uvimbe: upo, mgumu. Damu: ipo. Nikasimama kwenye la nne. "Hakuna," akasema mwenyewe. "Andika maumivu hakuna." Akatia sahihi yake ya kuku.

Kisha akamgeukia Upendo. Alisema taratibu, kwa ulimi mzito, "Mwanangu, pale palikuwa pamekwisha kufa siku nyingi. Mimi sikujua. Nilikupimia kwa nyama iliyokufa. Sikuja kuomba unisamehe, nimekuja ujue ilivyokuwa."

Huo ndio ulikuwa wakati wangu. Nilikuwa na kalamu mkononi, na watu wote wawili niliowakosea walikuwa mbele yangu katika chumba kimoja. Nikafunika kalamu. Nikasema nitabandika maji ya chai.

Upendo alizima tochi. Akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema Tabibu.

Hakunywa chai. Alisema haipiti. Daftari aliliacha mezani, akasema yeye hana tena wa kumwandikia, likae kwangu. Tulimsindikiza hadi barabarani, Upendo akimshika mkono. Mvua za mwaka ule hazikumkuta hai.

Tuliporudi ndani Upendo alivua khanga, akaitundika begani, akakaa mezani kulifungua daftari. Nilimwacha. Alianza na ukurasa wa siku ile, wino haujakauka vizuri, kisha akarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, hadi kwenye dawa nyeupe. Akaweka kidole hapo. Akarudi mbele, akaweka kidole kingine. Alizilinganisha, vidole viwili katika kurasa mbili.

"Mama, huu ni mwandiko wako."

"Ndiyo."

"Kote?"

"Kote."

"Mzee kasema hakusikia maumivu. Kusikia kulikuwa kwake." Aliongea polepole, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Kuona kulikuwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Uliona nini?"

"Niliona weupe," nikasema. "Kuanzia siku ya tisa."

Alifunga daftari akalisogeza katikati ya meza. Kisha akaishusha khanga kutoka begani, akajifunika mdomo hadi chini ya macho, akaifunga kisogoni. Tulikuwa wawili tu ndani. Ndipo mteja akagonga dirishani, na Upendo akainuka kwenda kumpimia unga.